Waliokuja Baada ya Hesabu

Ikupa Mwaselela alikuwa karani wetu kwa miaka minane, na katika miaka hiyo sikumwona akikimbia hata mara moja. Mvua ikimkuta anavuka barabara kutoka sokoni, alitembea vilevile, bahasha kaibana kwapani, akaingia ofisini amelowa, akajifuta uso kwa leso na kukaa mbele ya mashine yake ya kuchapa. Alizaliwa Rungwe, akasomea Mbeya mjini, na Iringa alifika mwaka 1971 na binti yake mdogo, Yudith, na sanduku moja la bati. Mumewe alikwenda kwenye machimbo ya shaba Zambia na barua zake zikakoma. Hayo alituambia siku ya kwanza kabla hatujamuuliza, na baada ya hapo hatukuwa na la kumuuliza.

Ofisi ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa Mzee Sedekia Luhanga, mtu mrefu aliyewahi kuendesha gari la sinema enzi za wakoloni na ambaye hadi siku hizo aliongea kama anashika kipaza sauti. Kazi yetu ilikuwa kutangaza bidhaa za watu. Wateja walikuwa kiwanda cha sabuni, watu wa betri, na kampuni ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, wote wa Dar es Salaam. Tulikuwa na Land Rover mbili. Moja alikwenda nayo Yotamu Kihwelo upande wa Mbeya, hadi Chimala na mbele yake. Ya pili nilikwenda nayo mimi, Paskalina, upande wa mashariki hadi Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu na nyanya na joto lake.

Mimi nilikuwa nafua mbele za watu. Nilisimama sokoni na mabeseni mawili, nikachukua shati lililopakwa tope na mafuta ya mawese, nikafua nusu kwa sabuni ya mteja na nusu kwa sabuni nyingine, halafu nikaliinua watu waone. Nikimaliza, nilihesabu waliohudhuria. Mfuko wa kulia nilitia punje za mahindi, na kila nikifikisha watu kumi punje moja ilihamia mfuko wa kushoto. Jioni niliandika barua kueleza siku ilivyokwenda, Ikupa akaichapa, na mteja akapelekewa.

Mwezi wa tatu mwaka 1974 kiwanda cha sabuni kilituandikia. Nakumbuka Mzee Sedekia alivyotusomea barua hiyo amesimama mlangoni. Walisema ripoti zetu zinapendeza kusoma lakini hazina faida kwao. Yotamu anaandika habari za hali ya hewa, Paskalina anaandika vichekesho vya sokoni, na wao hawawezi kulinganisha Chimala na Ruaha Mbuyuni wajue sabuni ipelekwe wapi. Walitupa hadi mwezi wa tisa tuwe na utaratibu mmoja wa ripoti, la sivyo watatafuta wakala mwingine.

"Ikupa," Mzee Sedekia alisema, "wewe ndiye unayezisoma zote. Chagua wewe. Utakachochagua ndicho tutakachotumia."

Ikupa alikubali kwa kichwa na kuendelea kuchapa.

Alianza kwa kutafuta njia zilizokuwepo. Ya kwanza ilikuwa kuendelea na barua, ila sote tuandike kwa mpangilio mmoja. Ya pili ilikuwa fomu za kuchapisha, zenye visanduku: wanaume, wanawake, watoto, jumla, maswali yaliyoulizwa, duka la karibu linalouza. Ya tatu ililetwa na mtu kutoka Dar es Salaam, Ndugu Crispin, aliyekuwa anazunguka kwenye maofisi ya serikali na mashirika kuuza kadi za matundu.

Kadi kama zile hatukuwa tumewahi kuziona. Zilikuwa ngumu, ukubwa wa kiganja na nusu, na kingo zote zimetobolewa tundu moja baada ya jingine. Kila tundu unalipatia maana. Tundu la kwanza ni Mbeya, la pili Iringa, la tatu wanawake walizidi wanaume, na kuendelea hivyo. Ripoti ikihusika na tundu fulani, unalikata kwa mkasi maalumu mpaka liwe wazi ukingoni. Ukitaka kujua ni ripoti zipi zilihusu jambo hilo, unazipanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano ndefu ya chuma kwenye tundu lake, unainua na kutikisa. Zilizokatwa zinaanguka. Nyingine zinabaki zinaning'inia.

"Haihitaji umeme," Ndugu Crispin alisema. "Haihitaji mtu mwenye kumbukumbu. Unauliza, inajibu."

"Na kama sijui cha kuuliza?" Ikupa alimwambia.

Ndugu Crispin alicheka, akatuachia sanduku zima la kadi ili tulijaribu mpaka atakaporudi.

Ikupa hakuwa mtu wa kuchagua kitu kwa maneno ya muuzaji. Alitoa kabatini barua zetu zote tangu 1971, zaidi ya mia mbili, akaanza kuzihamishia kwenye kadi moja moja. Kazi hiyo ilimchukua wiki tano. Maswali ya wasikilizaji aliyapa matundu yake: bei, mahali pa kununua, ubora. Tundu la kumi na nne aliliwekea maswali yasiyohusu bidhaa, kwa sababu watu sokoni huuliza mengi. Wanauliza kama tunampa mtu lifti, kama tunamfahamu ndugu yao Iringa.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, ukungu umeshuka hadi kwenye vioo vya madirisha, aliniita.

"Paskalina, njoo uone."

Alikuwa amezipanga kadi zote juu ya meza. Akapitisha sindano kwenye tundu la kumi na nne, akainua, akatikisa. Nilitegemea zianguke thelathini, arobaini. Zilianguka kumi na moja. Akaziokota na kuzitandaza mbele yangu.

"Nilidhani watu wanauliza mambo mengi," alisema. "Soma."

Zote kumi na moja zilikuwa na swali moja. Baada ya hesabu, mama mmoja alikuja kando ya gari akauliza: na mimi umeniandika?

Kadi tatu kati ya hizo zilitoka kwenye barua zangu. Nilizitambua. Nilikumbuka kuziandika kama kichekesho cha kumalizia ripoti, mara moja Ilula na mara mbili Ruaha Mbuyuni, na katika kuandika mara zote tatu sikuwahi kufikiri kwamba nilishaandika hivyo kabla. Zilizobaki zilikuwa za Yotamu.

"Labda ni msemo wa watu," nilisema.

Ikupa alisogeza kadi mbili zikakaa pamoja. Moja ilikuwa yangu, Ruaha Mbuyuni. Nyingine ya Yotamu, Chimala. Zote za tarehe 13 Februari mwaka ule, na kwenye zote mbili saa ilikuwa inakaribia saa sita mchana.

Kati ya Ruaha Mbuyuni na Chimala ni mwendo wa siku nzima kwa gari, hata kwa barabara mpya ya lami.

Yotamu aliporudi Jumamosi, Ikupa alimpa karatasi tupu na mimi akanipa yangu, akatukalisha vyumba tofauti, akatuambia tuandike mama aliyeuliza swali lile alivyokuwa. Mimi niliandika: mtu mzima, si mzee. Kitenge cha bluu chenye mikunjo ya dukani kama kimefunguliwa leo. Sikio la kushoto ndewe imechanika. Anaongea polepole kama mtu aliye kanisani. Halafu nilipoishia hapo, ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka siku zote hizo, kwamba miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye vifundo, na kule Ruaha Mbuyuni mtoni udongo si mwekundu vile.

Ikupa alizisoma karatasi mbili, akasema mama ni yuleyule, akazikunja, akazitia kwenye mkoba wake. Yotamu alitoka chumbani akaniangalia, na mimi nikamwangalia.

Mzee Sedekia alipoambiwa alikasirika kidogo. Alisema tumepewa kazi ya kuchagua utaratibu wa ripoti, hatukutumwa kutafuta watu. Lakini Ikupa alimjibu kwa heshima kwamba hawezi kuchagua chombo cha kuhesabia kabla hajaona kinachohesabiwa, na kwamba tangu aanze kazi hajawahi kusimama sokoni wakati wa hesabu. Mzee alilifikiria hilo, akaona lina haki. Mwezi wa sita akatupakia mimi na Ikupa, akaendesha mwenyewe, tukamfuata Yotamu aliyetangulia Chimala.

Tuliondoka alfajiri. Mafinga baridi ilikuwa imeweka weupe juu ya nyasi. Makambako tulipishana na malori ya Wachina wa reli, na toka Igawa bonde la Usangu likafunguka mkono wa kulia, tambarare mpaka macho yanachoka. Saa nne kasoro tulikuwa Chimala. Mpunga ulikuwa umevunwa na soko limejaa magunia, vumbi la pumba likining'inia hewani kama moshi. Yotamu alikuwa anaonyesha dawa ya kuogeshea ng'ombe, na wafugaji walikuwa wengi, wengine Wasukuma waliohamia bondeni miaka ile na mifugo yao.

Ikupa alisimama kwenye bodi ya nyuma ya gari, mfukoni punje za mahindi nilizompa. Alihesabu bila haraka, midomo ikicheza. Maonyesho yalipokwisha, alishuka na kuandika kwenye daftari: 212.

Nilikuwa hatua tatu kutoka alipo. Nilikuwa naangalia watu wakitawanyika. Niliposikia sauti ile, ilikuwa tayari imeshasema.

"Mwanangu, na mimi umeniandika?"

Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha gari, upande wa tairi la nyuma. Kitenge cha bluu, mikunjo minne imekaa juu yake kama ya karatasi. Mchana ule ulikuwa mweupe kabisa. Watu walikuwa wanapita wanamkwepa kama unavyomkwepa mtu yeyote sokoni.

Ikupa alimwangalia miguuni. Pale Chimala udongo ni mweusi, na viatu vyetu sote vilikuwa na weusi huo. Miguu ya yule mama ilikuwa myekundu, na udongo wenyewe ulikuwa mbichi.

"Shikamoo, mama," Ikupa alisema.

"Marahaba. Umeniandika?"

"Nimehesabu waliokuwa wanasikiliza. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Jina lako nani, nikuandike?"

Yule mama alifikiri. Alifikiri muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu.

"Andika tu nilikuwepo," alisema.

Ikupa alifungua daftari. Aliandika, na yule mama akasogea kidogo kutazama, na hapo ndipo niliposikia harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Nisomee."

"Mama mmoja, alikuwepo," Ikupa alisoma.

"Haya."

Akageuka akaingia kati ya magunia ya mchele, pale njia ilipokuwa nyembamba, na watu wakampisha. Nilimwona mpaka kitenge chake kilipofichwa na mkokoteni. Sikumfuata. Baadaye nilijiuliza kwa nini sikumfuata, na jibu ni kwamba haikunijia kabisa.

Mfugaji mmoja alikuwa amesimama karibu na sisi na fimbo yake begani. Aliitwa Nkuba Maganga, na Yotamu alikuwa anamfahamu kwa kununua dawa. Alitusalimia, halafu akamuuliza Ikupa, "Dada, yule mama naye ni wa kwenu?"

"Si wa kwetu. Wewe unamjua?"

"Namwona. Tangu tunatoka kule Maswa na ng'ombe. Njia nzima. Tukipumzika, nikaanza kuhesabu ng'ombe, anakuja. Anasema, na mimi umenihesabu? Roza, mke wangu, akamwambia mama, sisi tunahesabu ng'ombe, watu hatuhesabu. Akasema haya, akaenda."

"Halafu?"

"Kesho yake akaja tena."

"Kuna baya lilitokea?"

Nkuba alitikisa kichwa. "Hapana. Ng'ombe wazima wote, watoto wazima. Ila mimi siku hizi nahesabu kimoyomoyo."

Tukaanza safari ya kurudi Iringa. Tulipofika Makambako Mzee Sedekia alisimama kununua maji, akatuuliza kama tuliona tulichokwenda kuona. Ikupa alisema tumeona. Mzee hakuuliza zaidi. Tukiwa wawili tu garini Ikupa aliniambia, "Unajua, hakuniomba kitu kigumu."

Wiki iliyofuata aliziweka kadi pembeni na kuanza kujaribu fomu. Alizichora mwenyewe kwenye stensili, tukatoa nakala mia, mimi na Yotamu tukaenda nazo njiani mwezi wa saba na wa nane. Fomu zilikuwa rahisi. Hazikuhitaji ufundi wa kuandika barua, na mvua ikizilowesha bado zinasomeka kwa sababu tulitumia penseli. Nilifurahi nazo. Mwishoni mwa mwezi wa nane Ikupa alikaa nazo zote na kuzipitia, na kwenye kumi na tatu akakuta jumla haikubaliani na visanduku vyake. Wanaume themanini na wawili, wanawake mia moja na watano, watoto arobaini, jumla mia mbili ishirini na nane. Ilizidi moja. Zote kumi na tatu zilizidi moja.

Alitukabidhi fomu zile tuhesabu wenyewe. Tulihesabu mara mbili. Sikuelewa, kwa sababu jumla nilihesabu kwa punje na makundi nilihesabu baada ya hapo kwa kuwaomba watu wanyooshe mikono, na niliandika nilichokiona.

"Ingekuwa fomu zote," Ikupa alisema, "ningesema hamjui kujumlisha."

Yotamu alisema afadhali kadi, kwa kuwa kwenye kadi hakuna jumla, kuna matundu tu. Ikupa alimwambia kwamba kadi ndizo zilizomwonyesha huyu mtu, na kila atakapopitisha sindano atamwona tena, na mteja wa Dar es Salaam akipelekewa sanduku lile naye atamwona, na hatajua afanye nini. Barua nazo zilikuwa zimemficha kwa miaka mitatu ndani ya vichekesho vyangu. Alisema fomu ndiyo aliyoichagua, lakini fomu ina kasoro, na kasoro hiyo ataitengeneza.

Ndugu Crispin alirudi kuchukua jibu lake. Ikupa alimkabidhi sanduku, kadi zilizotumika amezitoa na kuzifunga kwa uzi. Crispin alikuwa mtu mwema, hakununa. Aliuliza tu ni kitu gani hakikupendeza kwenye kadi zake.

"Zinajibu vizuri mno," Ikupa alimwambia.

Mwezi wa tisa kiwanda cha sabuni kilimtuma mtu wa idara ya mauzo, Ndugu Silvester, kijana wa miwani aliyekuja na mkoba na kusimama dirishani muda mrefu akiota jua kwa sababu ya baridi yetu. Mzee Sedekia alimpa chai. Ikupa akamwekea fomu mpya mbele yake. Ilikuwa na visanduku vilevile, wanaume, wanawake, watoto. Chini yake, kabla ya jumla, kulikuwa na mstari mpya: Waliokuwepo bila kuhesabiwa.

Ndugu Silvester aliusoma mara mbili. "Hawa ni akina nani?"

Nilimwangalia Mzee Sedekia, naye alikuwa anaangalia kikombe chake.

"Ni wale wanaokuja tukishamaliza kuhesabu," Ikupa alisema. "Wako kila soko. Tusipowaandika, jumla haitakuwa sawa."

Silvester alikubali kwa kichwa, ameridhika. Alisema mawakala wengine wote wanawaacha wachelewaji, na ndiyo maana takwimu zao haziaminiki. Alisaini palepale. Tukabaki na mteja wetu, na watu wa betri na wa dawa wakasikia, nao wakataka fomu ileile. Mzee Sedekia alinunulia ofisi kuku wawili, na Ikupa akapeleka paja kwa Yudith shuleni.

Tangu siku hiyo yule mama hakuniuliza tena. Nilikuwa nahesabu, najaza visanduku vya juu, nikifika kwenye mstari ule naandika 1, na jumla inakaa sawa. Wakati mwingine nilimwona ng'ambo ya watu, kitenge chake cha bluu, amesimama tu. Wakati mwingine sikumwona na bado niliandika, na hesabu ilikubali. Siku ambayo hakuwepo nilijua pia. Nilikuwa nikishika penseli na mkono hautaki.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda kwa mwaka mmoja na zaidi. Mwaka 1976, baada ya mvua za masika, nikiwa Ilula, nilijumlisha fomu yangu na jumla ikazidi. Nilikuwa nimeshaandika 1. Nikafuta, nikaandika 2, ikakubali. Wiki mbili baadaye, Ruaha Mbuyuni, ilikubali kwa 5.

Nilimpelekea Ikupa fomu zile kwa mkono wangu mwenyewe. Alizisoma amesimama.

"Uliwaona?" aliniuliza.

"Sikutazama."

"Vizuri. Wewe andika tu. Mradi jumla iwe sawa."

Yotamu alikataa. Alikuwa mtu wa kanisa, mzee wa usharika, na alisema hawezi kumwandika mtu bila kujua ametoka wapi. Kwenye mstari ule yeye aliweka kistari. Ikupa hakumlazimisha. Siku moja ya mwezi wa kumi aliingia ofisini kutoka Igawa mchana, gari ameliacha linaunguruma nje, akakaa kwenye kiti cha wageni na kofia yake mapajani. Alisema walikuja sita. Walipanga mstari kando ya gari kama watu wanaosubiri zahanati, wanawake kwa wanaume, na mmoja alikuwa anamshika mkono aliye nyuma yake. Waliuliza mmoja mmoja. Aliwajibu mmoja mmoja kwamba hapana, hakuwaandika. Kila mmoja akasema haya, akaondoka.

"Walikuwa na adabu," alisema Yotamu. Alirudia neno hilo, adabu, kama ndilo lililomshinda.

Aliacha kazi mwisho wa mwezi, akaenda kulima vitunguu Ruaha Mbuyuni kwa shemeji yake. Nilikuwa nikimwona nikienda huko. Alinenepa, akapata watoto wengine wawili. Tukikutana tuliongea bei ya vitunguu, na nikianza kuhesabu watu sokoni alikuwa anafunga kibanda chake na kwenda kunywa maji mtoni.

Ikupa alichukua njia ya Mbeya badala yake. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka thelathini na tano, Mzee Sedekia akimfundisha kwenye uwanja wa mpira. Alikwenda peke yake hadi Chimala na Igawa, akahesabu, akaandika. Sikuwahi kumsikia akisema ni wangapi, lakini nilizichapa fomu zake siku alizokuwa safarini na niliona. Kumi na mbili. Kumi na tano. Mara moja, karibu na mahali ambapo nyumba zilibomolewa na watu wakahamishwa kwenda kijiji kipya barabarani, aliandika 31, na fomu ile ilikuwa na alama ya tope kwenye kona, tope jekundu, ya kidole kidogo sana.

Wateja hawakuuliza tena. Kwao wale walikuwa wachelewaji, na idadi ya wachelewaji ikipanda waliona ni dalili njema kwamba matangazo yanavuta watu. Kiwanda cha sabuni kiliongeza shehena ya Chimala kwa sababu ya takwimu zile, na sabuni iliisha dukani. Hilo nalo ni kweli, na sijui nilieleze vipi.

Mwaka 1979 vipuri vilikuwa havipatikani na petroli ilikuwa ya kupanga foleni. Gari la kwanza lilikufa, halafu la pili. Mzee Sedekia alifunga ofisi mwezi wa tano, akatupa mkono mmoja mmoja na kusema maneno machache bila kupaza sauti. Ikupa alifunga mashine ya kuchapa kwenye blanketi. Fomu za miaka mitano, magunia manne, mwenye duka la vitambaa aliwagawia kina mama wa sokoni wafungie karanga.

Kwa hiyo mwaka ule Iringa nzima ilikula karanga ndani ya ripoti zetu. Nilinunua kifurushi kimoja cha karanga penye kituo cha mabasi siku niliyokuwa naenda Mbeya kumsalimia Ikupa, na njiani, nilipokimaliza, nikakikunjua. Ilikuwa fomu ya Makambako. Hakuna kati yetu aliyewahi kufanya maonyesho Makambako. Wanaume, sifuri. Wanawake, sifuri. Watoto, sifuri. Kwenye mstari ule kulikuwa na namba ndefu iliyojaza nafasi yote na kuendelea pembeni, na jumla ilikuwa sawa nayo. Mwandiko haukuwa wangu wala wa Yotamu wala wa Ikupa. Ulikuwa wa mtu anayejifunza kuandika, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Ikupa alikuwa amepata kazi Uyole, kwenye ghala la mbegu, na nyumba ndogo yenye viazi mbele. Yudith alikuwa darasa la saba. Walinipokea vizuri, tukala ndizi za kupika na nyama, tukaongea habari za watu. Baadaye Yudith alipokwenda kuchota maji nilimpa Ikupa ile karatasi.

Aliinyoosha juu ya goti lake kwa kiganja. Aliisoma kutoka juu hadi chini, kama alivyokuwa akisoma zetu, kidole kikifuata mstari. Nilimwona akijumlisha.

"Ni sawa," alisema.

Akaingia ndani, akarudi na mhuri wa zamani wa ofisi, ule wa kupokelea ripoti, wenye neno IMEPOKELEWA. Sikujua kwamba aliuchukua. Aliupulizia pumzi ya moto kwa sababu wino ulishakauka, akaugonga kwenye kona ya fomu. Haukutoa rangi, ulitoa alama tu. Aliiweka karatasi ndani ya Biblia yake, akaniuliza kama mabasi ya kurudi Iringa bado yanapita saa nane.

Alifanya kazi ghalani miaka mingi baada ya hapo, akamsomesha Yudith hadi akawa mwalimu, na kila mwezi wa kumi na mbili alinitumia viazi kwa watu wa malori.